Baba Mdogo, ada ya Hamadi isubiri kwanza

Chicago, Novemba

Shikamoo Baba Mdogo,

Sauti uliyonitumia niliisikiliza jana kwenye basi, nikairudia nilipofika nyumbani. Alhamdulillah Bibi ameanza kutoka uani mwenyewe. Mimi sijambo, kazi inakwenda, baridi nimeizoea.

Sasa hilo la dola 1,000 ulizoomba za kumshikia Hamadi nafasi kwenye ile shule ya udaktari ya kisiwani. Sitazituma. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua. Hela ninayo, na Hamadi ni mdogo wangu kama Salimu alivyo kaka yangu. Lakini umenitajia ada, umenitajia kisiwa, umenitajia hata rangi ya mabweni, na hukunitajia jambo moja: miaka 2 ya mwisho, wakihamishiwa Marekani kuzunguka wodini, wanapelekwa hospitali zipi?

Hapo ndipo penye shughuli yote. Wewe unajua kwetu, kijana akimaliza udaktari hapelekwi intern zahanati yoyote iliyo karibu na kwao. Anakwenda hospitali ya Bombo au kwingine kulikokubaliwa. Huku hilo linaanza mtu akiwa bado mwanafunzi. Kwa majimbo kadhaa, rotesheni ya upasuaji, yaani zile wiki za kuzunguka wodi ya upasuaji, inatakiwa iwe katika hospitali yenye mafunzo ya ubingwa wa upasuaji yaliyopata ithibati ya ACGME, chombo kinachokagua mafunzo ya ubingwa Marekani; ya watoto vivyo hivyo, fani kwa fani. Wanafunzi wanaziita rotesheni za kitabu cha kijani, kwa sababu ya orodha ya zamani iliyokuwa na jalada la kijani. Shule inaweza kuwa na ithibati yake safi kabisa na bado ikakutupa mahali ambapo wiki zako hazitahesabika.

Na sasa niseme lililo moyoni, maana nimelibeba muda mrefu. Harusini kwa Zuhura, Shangazi Mwanahawa alisema mbele ya watu kwamba nimefeli, kwamba miezi 5 sijagusa wodi na kiwanja cha Pongwe kimeuzwa bure. Mama alirudi nyumbani kabla ya pilau. Na wewe Baba Mdogo ulikuwapo, ukanyamaza.

Sikufeli. Shule ilinipangia wiki 12 za upasuaji kwa daktari mmoja mwenye kliniki juu ya duka la viatu. Nilikwenda kuiona. Vyumba 3, kitanda kimoja kilichotandikwa karatasi, kabati la bandeji. Mapokezi wakaniambia upasuaji mkubwa daktari anaufanyia hospitali ya jirani. Nikaitafuta hospitali hiyo kwenye orodha ya ACGME: upasuaji haumo. Nikakataa, nikasubiri nafasi kwenye hospitali yenye programu hiyo ya ubingwa, nikalipa tofauti ya ada mwenyewe. Hiyo ndiyo miezi 5 aliyoitangaza Shangazi.

Mnipe haki yangu. Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari huku, tangu Januari 2022 hautoi alama, ni kufaulu au kufeli tu. Kwa hiyo wakuu wa programu za ubingwa wanatazama Step 2, mtihani unaofuata, ambayo nilipata 251, na barua za madaktari waliokuona kazini. Daktari anayefundisha mabingwa wachanga kila siku akiandika kwamba huyu anaweza, barua yake inasomwa. Anajua kazi ya usiku ikoje, anajua raundi ya asubuhi ikoje. Barua ya juu ya duka la viatu ingesomwa na nani? Ijumaa ile ya Machi, siku ya majibu ya nafasi za ubingwa, jina langu lilipotoka, ubingwa wa watoto, chaguo langu la kwanza, nilikaa sakafuni jikoni nikampigia Mama. Kwenu ilikuwa usiku. Alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka.

Tena haishii kwenye kupata nafasi. Kuna dada mmoja wa Eldoret aliyenitangulia shule. Alimaliza ubingwa miaka 3, akapata kazi Texas, mshahara mzuri. Texas ikataka kuona kila rotesheni aliyoifanya Marekani ilifanyika wapi. Ya upasuaji ilikuwa mahali pasipo na programu ya upasuaji. Leseni ikakwama mpaka alipopata cheti cha bodi ya fani yake, na kazi ile ikaenda kwa mwingine. Kila jimbo na sheria zake. New York hawaruhusu mtu hata kuzunguka zaidi ya wiki 12 kwao kama shule yako ya nje hawajaiidhinisha. Wiki 6 mbovu za mwaka wa tatu zinakufuata ukiwa na watoto.

Wiki iliyopita alikuja mama wa Bukavu na kichanga cha miezi 2. Mkalimani wa kwenye tableti alikuwa bado hajaunganishwa, mama anasema polepole, "mutoto yangu hanyonyi", na mimi peke yangu chumbani niliyeelewa. Nilipomjibu alinishika mkono wenye glavu, hakuuachia. Aliniuliza natoka wapi. Niliposema Tanga alisema, "Basi wewe ni wa kwetu." Nilitoka nje ya pazia nikasimama kidogo. Nilisikia kama upepo wa Raskazone umenipita usoni, Wallahi.

Haya. Mwambie Hamadi aiandikie shule barua pepe, aombe majina ya hospitali kwa kila fani: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, akili. Majina, si maneno ya "tuna washirika wengi". Aulize kama shule ina mkataba na kila hospitali, na kama New York imeidhinisha shule. Kila jina alitafute mwenyewe kwenye tovuti ya ACGME. Wakimjibu kwa kuzungukazunguka, asiwape hata senti. Wakijibu vizuri, dola 1,000 nitalipa mimi, na za muhula wa kwanza tutazungumza na Salimu.

Nimetuma 300 kwa Mama za bati la Bibi. Zisiguswe kwa lingine.

Jumapili saa 3 usiku ya kwenu nitapiga. Hamadi awe na daftari na kalamu. Na Shangazi kama yupo, naomba nisalimiane naye.

Mwanao,
Mwanaidi