Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: mabinti wanaopotea kati ya Septemba na Januari

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Waziri Mkuu – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Dodoma.

YAH: WASICHANA WANAOMALIZA DARASA LA SABA NA WASIRIPOTI KIDATO CHA KWANZA

Mheshimiwa Waziri, tunakusalimu kutoka vijiji vya Usukumani.

Kila Oktoba 11, Siku ya Mtoto wa Kike, wazazi hukusanywa uwanjani, wakaambiwa wasomeshe mabinti, wakapiga makofi. Saa hiyohiyo binti aliyefanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliotangulia yuko nyumbani anachota maji, na huenda washenga wameshapiga hodi. Juhudi nyingi za Serikali humfuata msichana akiwa darasani. Sisi tunaomba afuatwe katika miezi minne ambayo jina lake haliko kwenye daftari la mahudhurio la shule yoyote.

Mtihani hufanyika Septemba, matokeo hutoka mwishoni mwa Oktoba au Novemba, kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo mwalimu mkuu wa msingi hana tena dhamana naye, na mkuu wa sekondari bado hajamwona. Desemba shule zimefungwa na walimu wengi wameshasafiri kwao. Kijijini binti huyo ana jina lake: "amemaliza". Tangu 2016 kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu kinatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi, na wazazi wengi wanakijua. Wanachoamini ni kwamba aliyemaliza si mwanafunzi tena. Baadhi ya wenyeviti wa vitongoji wanaamini hivyohivyo, na ndio wa kwanza kualikwa harusini.

Tunasikitishwa wazazi hawa wanapoitwa wajinga. Wanapiga hesabu, na hesabu yao hujibiwa kwa hesabu. Upande mmoja wako ng'ombe wa mahari, ambao huenda wamekwishapangiwa kaka mtu aoe. Upande wa pili ni sekondari ya kata iliyo kilomita nane au kumi, ambako binti wa miaka 14 atapanga chumba senta (kwenye kituo cha biashara), ajipikie, alale peke yake nyuma ya mlango wa komeo moja, au asubiri lifti ya bodaboda kila alfajiri. Baba anaposema "huko atanirudia na mimba", anaizungumzia hiyo barabara na hicho chumba. Hakuna hotuba inayofupisha barabara.

Halafu inakuja fomu ya kujiunga: sare jozi mbili, godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, mchango wa chakula. Ada ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na ni jambo kubwa sana, lakini karatasi hiyo humfikia mzazi Desemba au Januari, ghala likiwa linaelekea kwisha na mbegu bado hazijanunuliwa. Pamba huuzwa kuanzia Mei na mahindi huvunwa katikati ya mwaka. Ukimdai mkulima Januari, unamdai asichonacho. Ukimdai Julai, anatoa bila kelele.

Chakula tumekikokotoa hivi. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwanafunzi wa hosteli akila nusu kilo ya dona na gramu 120 za maharage kwa siku, anahitaji kilo 97 za mahindi na kilo 23 hivi za maharage kwa mwaka: gunia moja la mahindi na zaidi kidogo ya debe la maharage. Gunia hilo likikusanywa Julai ya darasa la saba, miezi miwili kabla ya mtihani, linafanya kazi mbili. Linampunguzia mzazi mzigo wa Januari, na linamfunga kwa ahadi mbele ya majirani, maana si rahisi kumwoza binti ambaye gunia lake lipo stoo ya shule lina jina lake. Kinachoharibu mpango huu ni dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Mahindi yaliyowekwa kwenye mifuko ya kawaida Julai yanakuwa unga wa wadudu ifikapo Januari, wazazi wanasema shule imekula chakula chao, na mwaka unaofuata hakuna anayeleta kitu. Mahindi yakaushwe hadi punje ing'atwe ikatike kwa mlio, kisha yafungwe kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka likifungwa peke yake, na isifunguliwe hadi siku ya kula. Stoo iwe na funguo mbili: moja ya mkuu wa shule, nyingine ya mzazi aliyechaguliwa na mkutano.

Sasa hiyo miezi minne yenyewe. Tunaomba kila kata iwe na daftari moja la wasichana wa darasa la saba, lifungwe kabla ya Septemba mosi. Liandikwe jina, kitongoji, simu ya mzazi, simu ya mtu mzima wa pili ambaye binti mwenyewe amemtaja (mara nyingi ni shangazi au bibi, na ndiye atakayesema ukweli), na alama zake za mtihani wa majaribio. Kila nyumba itembelewe mara tatu: wiki moja baada ya mtihani, wiki ya matokeo, na wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Anayekwenda asiwe mwalimu peke yake, kwa sababu ya likizo tuliyoitaja. Sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Hao wanakaa kijijini mwaka mzima, wanazungumza Kisukuma, na husikia habari za mahari kabla ng'ombe hawajatoka zizini.

Kata yenye shule tatu za msingi na wasichana 30 kila shule ina nyumba 90, yaani ziara 270. Nyumba tano kwa siku ni siku 54. Kwa wastani wa kilomita 15 kwa siku, pikipiki ya Afisa Elimu Kata haitatumia zaidi ya lita 20 hivi za petroli kwa msimu wote. Tumeandika hesabu hii kwa sababu kila tunapopendekeza jambo hili tunaambiwa hakuna bajeti.

Alama za majaribio zina sababu yake. Wapo wasichana wanaoagizwa nyumbani wakosee mtihani kwa makusudi ili wasichaguliwe. Hili si siri kwa mwalimu yeyote wa darasa la saba. Aliyepata B katika majaribio kisha akaanguka hadi E Septemba anaonekana kwa kulinganisha safu mbili za daftari, kazi ya saa moja. Kinachokosekana ni hatua ya baada ya hapo. Tunaomba utaratibu wa maandishi unaomruhusu msichana wa namna hiyo kurudia mtihani mwaka unaofuata, kwa barua ya mwalimu mkuu na Afisa Elimu Kata. Mzazi akijua kwamba kufeli hakumtoi binti shuleni, hana sababu ya kumwagiza afeli.

Kuhusu polisi, tunasema kwa uangalifu. Kesi zinahitajika. Lakini baba akikamatwa kabla ya binti kuwekwa mahali salama, binti huhamishiwa kwa ndugu wilaya nyingine, familia mbili humalizana kwa ng'ombe, na siku ya kesi shahidi hatokei. Binti kwanza, mtuhumiwa baadaye, na nauli ya shahidi itengwe mapema. Sheria ndogo za vijiji zinasaidia zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu faini ya kijiji humfika mshenga na mwenyekiti wa kitongoji aliyenyamaza. Tatizo ni kwamba mkutano mkuu wa kijiji huzipitisha, zikafika halmashauri ya wilaya, zikalala humo. Sheria ndogo isiyoidhinishwa na Baraza la Madiwani haina nguvu, na mtu akiipinga Mahakama ya Mwanzo anashinda. Waagize wakurugenzi wa halmashauri waziwasilishe katika kikao cha robo mwaka kinachofuata.

Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 umefungua mlango kwa waliokatisha masomo kwa ujauzito. Kwa vijijini bado unasomwa na walimu tu. Usomwe kwenye mikutano ya vijiji, na binti apewe nafasi ya kuhamia shule nyingine, maana wengi hawakatai shule, wanakataa kurudi kwenye dawati lilelile wakinyooshewa vidole.

Mheshimiwa Waziri, kuna jambo moja lisilosubiri. Kwa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, unaofupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Elimu ya lazima itakuwa miaka 10, kwa hiyo ile njia ya kufeli makusudi itaziba yenyewe, na atakayetaka kumwoza binti atabaki na njia moja: kutoripoti. Mabinti wa mwaka huo watakaotoka darasa la sita watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko tuliowazoea, nafasi zitakuwa finyu, na wanaotoka mbali ndio watakaopangiwa shule ya mbali zaidi. Hosteli za wasichana zijengwe kwanza kwenye kata ambazo kitongoji cha mwisho kimepita kilomita tano kutoka shuleni, na zisifunguliwe bila matroni anayelala humohumo, maji ndani ya uzio, taa ya sola njiani kuelekea chooni, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 kama kiwango cha Serikali kinavyotaka. Hosteli isiyo na matroni ni kile chumba cha senta kilichoongezwa vitanda, na wazazi wataibaini ndani ya muhula mmoja.

Waraka wa daftari la wasichana ukitoka ofisini kwako kabla ya katikati ya Agosti, unazifikia kata kabla ya mtihani. Ukitoka Oktoba, tutakuwa tumechelewa mwaka mzima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa malezi, maafisa elimu kata na maafisa maendeleo ya jamii,
Kanda ya Ziwa.