Barua kwa Mwanangu Anayetafuta Gari la Mashindano

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimefurahi kuona kwamba hamu ya kushindana haijakutoka. Umeniuliza ununue lipi kati ya magari mawili uliyoyaona: lile lenye injini iliyofanywa upya lakini lililoanza kushika kutu, au lile lenye bodi safi ambalo injini yake imechoka. Nunua la pili.

Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa maana hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe. Gari langu la kwanza la mashindano lilinivutia kwa sauti ya injini yake, nikalilipia siku hiyo hiyo. Nilipolipeleka kwa fundi ili achomelee kizimba cha mabomba kinachomkinga dereva gari linapobingirika, vyuma vilivyo chini ya milango vilitoboka kila moto ulipovigusa, kwa kuwa kutu ilikuwa imevila kutoka ndani, na muuzaji alikuwa ameziba matundu kwa puti kisha akapaka rangi. Injini hutolewa na kufungwa nyingine kwa siku chache, ilhali bodi iliyooza hukatwa na kuungwa kipande baada ya kipande, na kazi hiyo huweza kumeza fedha kuliko thamani ya gari zima. Tena kizimba kilichosimama juu ya sakafu iliyooza hakimkingi mtu, kwani gari likipinduka miguu ya kizimba itaipenya sakafu hiyo.

Kwa hiyo uendapo kulikagua chukua sumaku, bisibisi na tochi. Funika sumaku kwa kitambaa, uipitishe chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Pale ambapo bodi ni ya chuma na sumaku isishike, shuku kuna puti. Gongagonga kwa bisibisi mahali pa kuwekea jeki, inua zulia utazame sakafu, kisha fungua boneti ukague mahali vinapofungwa vichwa vya shokamzoba. Kila aina ya gari ina ugonjwa wake. BMW E36, ambayo wanaoanza huipenda sana, huweza kupasuka sakafu pale inapofungwa fremu ya ekseli ya nyuma, na ufa huo hauonekani ila kwa mtu aliyelala chini ya gari. Mazda MX-5 iliyoingia sokoni mwaka 1989 ina uzito usiofikia tani moja, na wepesi huo ni neema kwa sababu tairi na breki huchelewa kuisha. Hata hivyo nayo huoza vyuma vya chini ya milango.

Kuhusu injini, inatosha fundi apime mgandamizo wa kila silinda na kuhakikisha oili haijachanganyika na maji. Injini iliyochoka kidogo itakutosha mwaka mzima wa kujifunza.

Soma pia kanuni za daraja unalotaka kushindana kabla ya kununua chochote, maana mabadiliko aliyoyafanya mwenye gari wa awali huweza kukusukuma hadi daraja la magari yenye nguvu kuliko lako.

Bei ya gari isikudanganye. Nchini Marekani, mashindano ya 24 Hours of Lemons yalianza mwaka 2006 kwa sharti kwamba gari lisizidi dola 500, lakini vifaa vya usalama na breki havikuhesabiwa katika kiasi hicho. Nawe uvitengee fungu lake tangu mwanzo. Mikanda ya kiti yenye ithibati ya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, huandikwa mwaka wa kuisha muda wake, kwa hiyo usiitegemee itakayokuja na gari. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huweza kushuka hadi 155; yakichemka, kanyagio la breki huzama bila gari kusimama. Yamwage yote, uweke mapya kabla ya siku yako ya kwanza.

Sasa mwulize muuzaji kama ataruhusu gari lipandishwe juu. Akikataa, liache. Akikubali, nijulishe siku, nami nitakuja na nguo zangu za kazi nilale chini yake kabla hujatoa fedha yoyote.

Ni mimi mama yako.