Mtandao haupigi picha, andikeni na jina la mahali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mi ni mpiga picha hapa Tanga, harusi na pasipoti ndo zinalipa kodi ya nyumba, ila nikipata siku mbili tatu nakwenda zangu Amani, Lushoto au Pangani, napiga misitu, napiga vijana wanaoshuka milima ya Usambara na baiskeli, napiga wavuvi wakishindana ngalawa, afu narusha mtandaoni watu waone kwetu kulivyo.

Mwaka jana nililala Ushongo, kijiji cha pwani huko Pangani, kusubiri bamvua, yale maji yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, ili niipate Maziwe. Kwa asiyepajua, Maziwe ni fungu la mchanga mbele ya Ushongo, maji yakijaa linazama lote, yakikupwa linatoka jeupe pee katikati ya bahari. Zamani kilikuwa kisiwa kabisa chenye mivinje, kikatangazwa hifadhi mwaka 1975, bahari ikaila miti yote, sa hivi hata mayai ya kasa wanaotaga pale inabidi yahamishiwe ufukweni Ushongo yasiharibiwe na maji. Tulitoka asubuhi saa moja, nimeikumbatia kamera ndani ya shati maana wimbi likipiga chumvi inaruka mpaka usoni, saa nne mchanga wote ukawa nje. Nilipiga picha kama mia mbili hivi, iliyonikaa moyoni moja tu: ngalawa imelazwa pembeni ya mchanga, kwenye tanga lake kiraka cha salfeti ya bluu kimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Basi kiraka hichohicho ndo nikakikuta kwenye tangazo la kampuni moja ya utalii, jina langu limekatwa na chini wameandika Zanzibar. Haikupita muda gazeti moja (sio lenu) nalo likaitoa, wakaandika "fukwe za Zanzibar, picha na mtandao". Wazanzibari ni ndugu zetu na fukwe zao nzuri, sina neno nao, lakini ile ni Maziwe. Nilipomwonesha nahodha aliyenipeleka akaishika simu muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hili si tanga langu? Mbona wamelipeleka Unguja?" Nikakosa la kumjibu. Yule mzee anaishi kwa kupeleka wageni Maziwe, sasa mgeni akiipenda picha ataulizia Zanzibar, atamjuaje yeye?

Najua ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na picha zimo, ila siandiki kudai hela, kinachoniuma zaidi ni jina la mahali. Angalieni lile ua dogo la zambarau la Usambara, mwaka 1892 afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao, jina la kitaalamu likawa Saintpaulia kwa ajili yake, leo limo kwenye vyungu madirishani dunia nzima, Waingereza wanaliita la Afrika basi, yani Afrika nzima hiyo, lakini Wajerumani mpaka leo wanalitaja kwa jina la Usambara kwa sababu kuna mtu aliandika lilikotoka.

Na sisi wapiga picha tuna makosa. Unapiga maporomoko mazuri kabisa afu unaandika "pepo ya duniani" na vikopa kumi, mtu wa Arusha au Mwanza akitaka kwenda aende wapi? Kiota cha kasa sawa usiseme kilipo, watu wataenda kuchimba mayai, ila kijiji, mto, mlima, taja. Na kijana aliyening'inia kwenye mrengu, ule mti wa pembeni wa ngalawa, upepo umeshika muulize anaitwa nani na kama anakubali, yeye ndo amehatarisha shingo yake, wewe umebonyeza tu.

Ninachoomba kwenu Mhariri, hayo maneno "picha na mtandao" yaacheni. Mtandao haujawahi kuamka saa kumi alfajiri. Mtafuteni aliyepiga, siku hizi ni ujumbe mmoja tu, mkimkosa chukueni picha nyingine, wapiga picha tupo wengi na tunapatikana. Na ile ya Maziwe mkiitaka nawapa bure, ila chini yake muandike Maziwe, Pangani, na jina la nahodha, nimeshamuuliza amekubali.

Mpiga picha,
Chumbageni, Tanga