Gari linazimika likipata moto? Msikimbilie pampu ya petroli

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wenye magari na mafundi wenzetu wa Mombasa kuhusu hitilafu moja inayowamaliza watu pesa bure. Gari linazimika ghafla likishapata moto, linakataa kuwaka, kisha baada ya nusu saa linawaka kama halikuwa na neno. Kesho linarudia yale yale kwenye foleni ya feri ya Likoni. Likifika gereji injini imeshapoa, hakuna la kuonekana, basi fundi anabadilisha pampu ya petroli. Wiki ijayo plagi. Ikifuata, koili.

Mara nyingi mkosa ni sensa ya krenki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) au waya zake. Sensa hiyo hukaa karibu na puli ya krenki au flaiwili, ikisoma meno ya gurudumu linalozunguka na krenki. Katika injini nyingi ndogo za Toyota gurudumu hilo lina meno 34, na pengo la meno mawili ndilo linaloiambia kompyuta ya injini krenki imefika wapi. Ishara ikikatika, kompyuta huona injini imesimama, hivyo inaacha kuwasha koili (za kutoa cheche) na injekta (za kunyunyiza petroli), na pampu nayo inakatiwa umeme. Hapo ndipo pampu inaposingiziwa: fundi hasikii ikinguruma, anaihukumu, kumbe imezimwa kwa amri.

Shahidi wa kwanza ni dereva. Gari la gia za mkono likizimika huku gia imeingia na magurudumu yanaendelea kuizungusha injini, atazame mshale wa mizunguko. Ukianguka papo hapo hadi sifuri, ishara imepotea. Petroli ikikosekana, kwa kawaida gari hukwamakwama na kupungua nguvu kwanza.

Nambari za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ziandikwe kabla ya kufutwa. P0335, P0336 na P0339 zote zinahusu laini ya sensa hii, lakini hazisemi sensa yenyewe imekufa. Huenda ni waya, soketi au meno. Wala gari lisilo na nambari si lazima liwe zima, kwa kuwa kuna kompyuta ambazo zikikosa ishara huona tu kwamba swichi imewashwa na injini haijaanza kuzunguka.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote: ugonjwa huu upimwe gari likiwa limekataa. Sensa ya waya mbili ina waya wa shaba mwembamba kama unywele, na ufa wake hufunguka kwa joto na kujifunga ikipoa. Kuipima asubuhi ikiwa baridi ni kujidanganya. Gari likigoma, chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, piga stata, usome mizunguko. Betri ikiwa nzima (isishuke chini ya volti 9.6 stata ikizunguka) utaona kama 150 hadi 250 kwa dakika. Ukiona sifuri huku injini inazunguka, umefika. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya sensa peke yake, dakika chache, ujaribu tena. Gari likiwaka, hakuna haja ya kubahatisha. Ikibidi kuuamsha ugonjwa gereji, sensa ipulizwe kwa kikausha nywele huku waya zikitikiswa.

Sensa ya waya mbili hupimwa omu (ukinzani wa umeme), na nyingi za Toyota husoma kati ya 1,000 na 2,700 zikiwa baridi; kitabu cha injini husika ndicho cha kufuatwa. Kati ya kila pini na bodi kusiwe na mawasiliano kabisa. Ya waya tatu isipimwe omu, maana ina vifaa vya kielektroniki ndani: tafuta umeme wa kuilisha, volti 5 au 12 kulingana na gari, kisha ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) nzuri, kisha ishara inayopanda na kushuka krenki ikizunguka.

Sasa soketi. Hapa kwetu, kwa upepo wa chumvi na mtindo wa kuosha injini kwa maji ya presha, soketi ndiyo itazamwe kabla ya kununua chochote. Kutu ya kijani kwenye pini, raba iliyochanika, pini iliyolegea: yoyote kati ya hayo hukata ishara gari likipita kwenye matuta. Ingiza pini ya kiume ya ukubwa uleule ndani ya ile ya kike. Isipong'ang'ania hata kidogo, ibadilishwe. Waya nao una hila. Uzi mmoja tu uliobaki husoma chini ya omu 1 na kukuridhisha. Chomoa soketi ya sensa na ya kompyuta, pitisha umeme wa betri kwenye waya huo kupitia balbu ya wati 21. Balbu ikififia, waya ni mbovu. Tahadhari: kompyuta ikibaki imechomekwa, mtaiunguza.

Wakati wa kuunga, waya mbili zisibadilishane, ishara itageuka na gari litakuwa gumu kuwaka. Kifuniko cha waya kinachozuia mwingilio wa umeme wa oltaneta kirudishwe kilivyokuwa. Kabla ya kufunga sensa mpya, futa vumbi la chuma kwenye nafasi yake, kwani sumaku hulivuta, na hakikisha imekaa sawasawa. Mwanya wake na meno kwa kawaida ni kama milimita 0.5 hadi 1.5. Sensa ya mtumba hatuishauri. Imeshakula joto la miaka, na bei ya kazi ya kuifunga ni ile ile.

Gari lisikabidhiwe baada ya kuwaka mara moja. Injini iachwe mpaka feni iingie mara mbili au tatu, izimwe dakika kumi boneti ikiwa imefungwa, iwashwe tena, kisha gari litembezwe kwenye barabara yenye matuta.

Mafundi wa umeme wa magari,
Changamwe, Mombasa