Namba 73 naye anastahili picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa wasomaji. Kila Februari, fainali ya mpira wa Kimarekani inapochezwa, gazeti lako humpa picha kubwa mrusha mpira wa timu iliyotwaa ubingwa. Sina ugomvi naye. Lakini mimi naishi Cleveland, Ohio, mji ambao timu yake, Browns, haijafika fainali hiyo hata mara moja, na mchezaji ninayetamani wasomaji wenzangu wamjue kazi yake haikuwa kurusha wala kufunga. Anaitwa Joe Thomas.

Nilipofika hapa sikuelewa chochote katika mchezo huu. Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia niache kuufuata mpira, nimtazame namba 73 peke yake.

Thomas alikuwa mlinzi wa kushoto katika safu ya watu watano wanaomkinga mrusha mpira. Warusha mpira wengi hutumia mkono wa kulia, na mtu wa namna hiyo akijiandaa kurusha, upande wa kushoto ndio anaoupa kisogo. Anayemjia kutoka huko hamwoni. Basi wapinzani huwatuma upande huo watu wao wenye mbio na nguvu kuliko wote, na Thomas huwapokea akirudi kinyumenyume, wao wakija mzimamzima. Akimkumbatia mtu na kumvuta, ni kosa, timu yake inarudishwa yadi 10. Hata kupokea pasi kwa kawaida haruhusiwi! Beki wetu wa soka angalau siku moja moja hupanda kwenye kona, akafunga kwa kichwa, akabebwa juujuu. Mlinzi huyu jina lake husikika zaidi siku mrusha mpira wake alipoangushwa.

Browns walimchukua mwaka 2007 kutoka Chuo Kikuu cha Wisconsin, wa tatu kati ya vijana wote waliochaguliwa siku timu za ligi zilipogawana wachezaji wapya kutoka vyuoni. Siku hiyo wenzake walikuwa New York, wamevaa suti mbele ya kamera. Yeye alikuwa Ziwa Michigan na baba yake, wanavua samaki. Tangu mechi yake ya kwanza, kila mara timu yake ilipoanzisha mpira kushambulia, alikuwepo: mara 10,363 mfululizo, bila kukosa hata moja. Hakuna mwingine anayejulikana kufika hapo tangu hesabu hizo zianze kuwekwa. Alisimama Oktoba 22, 2017, msuli wa nyuma ya mkono wake wa kushoto ulipochanika katika mechi dhidi ya Tennessee.

Na alikuwa akiilinda timu gani? Katika mechi zake 167, Browns walishinda 48 na kupoteza 119. Warusha mpira wapatao 20 walipokezana nyuma yake. Mwaka 2015 habari zilizagaa kwamba angeuzwa Denver. Hakwenda, na msimu uleule Denver ikawa bingwa. Thomas hakucheza hata mechi moja ya mtoano maisha yake yote. Nimemwona Desemba, upepo wa Ziwa Erie ukikata masikio, timu imeshapoteza kila tumaini la msimu, naye anaweka miguu yake kwa uangalifu uleule wa mechi ya kwanza. Hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Wanaoujua mchezo hawakumsahau. Agosti 2023 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo mjini Canton, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, na alipita mara ya kwanza tu jina lake lilipopigiwa kura.

Februari ijayo, mkishachagua picha ya mrusha mpira, mwombe mwandishi wako wa michezo aongeze mistari miwili: aliyesimama kushoto kwake ni nani, na alimzuia nani.

Msomaji wako,
Cleveland, Ohio, Marekani