Usivue ranflati kabla ya kutazama chini ya sakafu ya buti

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala wa matairi ambao umekuwa ukirudi mara kwa mara katika ukurasa wenu wa magari. Swali linaloulizwa ni lilelile: kati ya tairi la ranflati, yaani lile linaloendelea kubeba gari hata upepo ukiisha, na tairi la kawaida, lipi linafaa zaidi kwa gari la kwenda kazini na kurudi kila siku? Kwa maoni yangu swali hilo huulizwa nusu. Mtu anayevua ranflati na kufunga matairi ya kawaida habadilishi mpira peke yake, bali anabadilisha pia utaratibu mzima wa kujiokoa siku atakapopata pancha, na utaratibu huo umelazwa chini ya sakafu ya buti, yaani sehemu ya mizigo nyuma ya gari, mahali ambapo madereva wengi hawapatazami mpaka wafikwe na shida.

Tairi la kawaida hubeba gari kwa upepo. Upepo ukitoka, ubavu hujikunja, rimu inaukalia, na mwendo mfupi tu unatosha kulimaliza tairi zima. Ranflati ya aina iliyoenea ina ubavu mnene uliotiwa tabaka la mpira mgumu unaostahimili joto, kiasi kwamba ubavu huo husimama wenyewe na kubeba uzito pasipo msaada wa upepo. Kiwango kinachotajwa na watengenezaji wengi ni kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, lakini ni kosa kukichukulia kama ahadi isiyovunjika. Ubavu unaokunjika na kunyooka kwa kila mzunguko wa gurudumu huzalisha joto, na joto ndilo hulila tairi. Kwa hiyo gari likiwa limejaa watu na mizigo, au likienda kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa, umbali huo hupungua sana. Anayetaka kujua kama gari lake linatumia matairi haya asome maandishi ya ubavuni: Bridgestone huandika RFT, Goodyear ROF, Continental SSR na Michelin ZP.

Uwezo huo una gharama yake. Kwa kuwa ubavu haulali, dereva hawezi kuona kwa macho kwamba tairi limeisha upepo, na mara nyingi hata usukani haumwambii kitu. Ndiyo sababu ranflati haipaswi kufungwa kwenye gari lisilo na mfumo wa kutoa tahadhari ya upepo. Mfumo huo umekuwa wa lazima kwa magari madogo mapya ya Marekani kuanzia yale ya mwaka 2008, na katika Umoja wa Ulaya kwa magari madogo yote mapya tangu Novemba 2014, kwa hiyo wenye magari ya miaka ya karibuni wengi wanao. Upo wa aina mbili. Wa kwanza una sensa ndani ya kila gurudumu, inayopima upepo wenyewe. Wa pili hautumii sensa hiyo. Unalinganisha kasi ya magurudumu kupitia vifaa vya ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kidogo kuliko mengine. Huu wa pili lazima ufundishwe upya kila mara matairi yanapojazwa au kubadilishwa, kwa kubonyeza kitufe au kupitia menyu ya dashibodi, jambo ambalo fundi akishamaliza kazi na kupokea hela yake hulikumbuka kwa nadra.

Faida ya ranflati naikubali bila kigugumizi. Kubadilisha tairi kando ya barabara kuu usiku, malori yakipita kwa kasi karibu na bega lako, ni kazi ya hatari, na kuna watu ambao hawawezi kuifanya kabisa: mzee, mjamzito, mtu mwenye maumivu ya mgongo, mama aliye peke yake na watoto wadogo kwenye kiti cha nyuma. Kwa hao, uwezo wa kuendelea polepole hadi mahali penye mwanga na watu si anasa. Kama maisha yako ya kila siku ni ya namna hiyo, na kama mjini kwako mafundi na matairi ya saizi yako vinapatikana ndani ya kilomita hizo 80, basi baki na ranflati na usishawishiwe na mtu.

Ila wengi wetu hatuko katika hali hiyo, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu ranflati bila mipaka. Ubavu ule mgumu hupeleka kila mtikisiko wa barabara moja kwa moja kwenye rimu na springi. Barabara ikiwa laini hulioni tatizo. Barabara ikiwa na mashimo, rimu za aloi hupinda au kupata ufa, hasa pale tairi lenyewe linapokuwa na ubavu mfupi. Na rimu ikishapata ufa, ule ugumu wa ubavu haukusaidii sana, kwa sababu utalazimika kununua rimu pamoja na tairi. Ongeza uzito wake, bei yake iliyo juu kuliko ya tairi la kawaida la saizi ileile, na ugumu wa kulitoa kwenye rimu, kazi inayohitaji mashine yenye mkono wa kusaidia na fundi asiye na pupa.

Hata hivyo, jambo linaloniudhi kuliko yote ni habari ya kuziba pancha. Tairi la kawaida lililochomwa msumari katikati ya uso wake wa kukanyagia, tundu likiwa halizidi milimita 6 hivi, huzibwa vizuri kwa kiraka chenye kijiti kinachopitishwa kutoka ndani, na likaendelea na kazi hadi lichakae. Ranflati iliyotembea bila upepo ni habari nyingine. Kwa nje hung'aa kama kawaida, na mwenye gari huona anaonewa anapoambiwa anunue jipya. Lakini mwombe fundi alitoe kwenye rimu, kisha upitishe kidole ndani ya ubavu: ukikuta unga mweusi wa mpira, au mstari wa mkwaruzo unaozunguka tairi zima kama pete, ujue tabaka lile gumu limeshasagika, na kiraka chochote utakachobandika kwenye tundu hakitaurudishia ubavu nguvu zake. Watengenezaji kadhaa wanakataza kabisa kulitengeneza tairi lililotembea bila upepo. Wengine wanaruhusu endapo mtaalamu atalikagua ndani na kulikuta salama, na endapo dereva anajua kwa hakika alitembea umbali gani na kwa kasi gani. Ni madereva wangapi wanaoweza kujibu swali hilo kwa uaminifu?

Upatikanaji nao usidharauliwe. Michelin waliwahi kutoa mfumo ulioitwa PAX, ambao haukutegemea ubavu mgumu bali pete ya kuegemea iliyowekwa ndani ya gurudumu. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na ulifungwa katika baadhi ya magari ya Honda Odyssey nchini Marekani, lakini ulihitaji rimu za pekee na mashine za pekee. Wenye magari walihangaika kupata mahali pa kuutengeneza, na mwishoni mwa muongo wa 2000 kampuni hiyo ikaacha kuuendeleza. Ranflati za leo hazijafikia taabu hiyo, kwani saizi nyingi zinapatikana, ila tofauti kati ya saizi ambayo kila duka inayo na saizi inayoagizwa na kusubiriwa bado ni kubwa, na mtu anayelitegemea gari kila asubuhi ndiye anayeionja.

Sasa nirudi kwenye buti. Chevrolet Corvette ya mwaka 1997 ilitoka kiwandani na ranflati, bila tairi la akiba, na BMW walilieneza wazo hilo kwenye magari yao mengi kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Kiwanda kinapoondoa tairi la akiba, hupunguza uzito na gharama na kupata nafasi. Mnunuzi anaambiwa hiyo ni teknolojia ya kumsaidia yeye, na kwa sehemu ni kweli. Matokeo yake ni kwamba magari mengi ya aina hiyo hayana jeki, hayana spana ya gurudumu, na mengine hayana hata shimo la kuwekea tairi la akiba. Dereva akichoshwa na ugumu wa ranflati au bei yake, akafunga matairi manne ya kawaida, siku hiyohiyo gari hupanda barabara kwa ulaini anaousifia kila mtu, huku yeye akiwa hana kinga yoyote dhidi ya pancha. Ametoa kinga moja na hakuweka nyingine.

Wengine hujaza pengo hilo kwa chupa ya dawa ya kuzibia pamoja na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari. Ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini tujue mipaka yake: dawa huziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa kukanyagia, haizibi ubavu uliochanika wala tairi lililopasuliwa na ukingo wa shimo, na chupa yenyewe ina tarehe ya kuisha muda ambayo wengi hawajawahi kuisoma. Lililo bora zaidi, gari likiwa na nafasi, ni tairi la akiba, hata lile jembamba la muda lisiloruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa. Hili jembamba kwa kawaida hutaka upepo wa psi 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), karibu mara mbili ya matairi mengine, na kwa kuwa halionekani, hukaa miaka bila kupimwa. Siku ya kulihitaji hutolewa likiwa limelegea. Kabla ya kulinunua, hakikisha linaingia bila kugusa breki za gari lako, na ununue jeki na spana pamoja nalo.

Kwa asiyekuwa na nafasi kwenye buti ipo njia ya tatu ambayo haizungumzwi vya kutosha: matairi ya kawaida yenye utomvu wa kujiziba uliopakwa ndani, kama ContiSeal ya Continental au Seal Inside ya Pirelli. Msumari wa unene wa hadi milimita 4 au 5, kutegemea aina ya tairi, ukiingia kwenye uso wa kukanyagia, utomvu huuzingira, na hata msumari ukichomoka tundu huzibwa. Ubavu unabaki laini kama wa tairi la kawaida. Kwa ubavu uliochanika, hata hayo hayafui dafu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa dereva wa kila siku ni huu: kama gari lina mahali pa tairi la akiba, funga matairi ya kawaida yote manne, yenye uwezo wa kubeba uzito na kuhimili kasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usichanganye na ranflati hata kwa wiki moja, na vifaa vya akiba vinunuliwe siku hiyohiyo matairi yanapofungwa, si mwezi ujao. Kama mahali hapo hapapo na dawa ya chupa haikuridhishi, chagua yenye utomvu, au baki na ranflati ukijua unacholipia.

Nanyi wa ukurasa wa magari nina ombi moja. Mnapolichambua gari, jipya au lililotumika, mnatuambia nguvu ya injini, ukubwa wa skrini na rangi za viti. Tafadhali nyanyueni pia sakafu ya buti, mtuandikie kilichomo.

Wako,
Msomaji na dereva