Barua ya wazi kwa vijana wa ulinzi shirikishi wa Usangu

Kamwene, wajukuu zangu. Na ninyi ambao babu zenu waliteremka na ng'ombe kutoka Usukumani, mwangaluka.

Nina hasira, mnivumilie. Juzi ng'ombe wameingia kwenye mpunga unaochanua, kama wanavyoingia kila mwaka hapa Mbarali. Mkamkamata kijana mchungaji, mkamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe, mkamkalisha juani nyuma ya mashine ya kukoboa, kisha mkampigia simu mwenye ng'ombe kumtajia bei. Askari akafika jioni, pikipiki imejazwa mafuta na mwenye shamba. Wafugaji wanasema polisi ni wa wakulima. Wakulima nao, nawasikia kila siku kwenye kahawa, wanasema polisi ni wa wenye ng'ombe kwa sababu ndio wenye hela. Pande zote zinamlalamikia askari yule yule, na kila upande una hakika kwamba amenunuliwa na mwenzake.

Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna kifungu cha kumpigia simu ndugu yake, wala cha kupanga faini isiyo na risiti chini ya mwembe. Mkimkamata Msukuma mnauliza ana ng'ombe wangapi. Mkimkamata Msangu mnauliza ni mtoto wa nani. Yule mwizi wa pampu ya maji si alikuwa mtoto wa hapa hapa, yakaisha kwa soda? Mnadhani Wamaasai hawakuona? Waliona, na ndiyo maana siku hizi wakiibiwa hawaji kwenu wala kituoni. Wanafuatilia wenyewe, usiku, na fimbo.

Bonde hili lina Wasangu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma, Wamaasai, Wabarbaig, hata Wabaluchi, na lina kovu. Mwaka 2006 Serikali iliamuru wafugaji waondoke Ihefu na Usangu, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na wakulima nao wakajikuta na mgogoro wa mpaka. Askari mgeni akishuka stendi leo, hata awe na roho ya malaika, watu wanaikumbuka sare kabla hawajamwona yeye. Hapo nawalaumu wakubwa: wanamleta na cheo, bila mafuta, bila hata kumsimulia yaliyopita, halafu wanashangaa wananchi wakikaa kimya.

Kwingine kimya cha namna hii kimezaa makaburi. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni kule Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kenya, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilikuwa vya risasi. Baadaye wakaunda chombo cha kiraia cha kuwachunguza polisi. Ireland ya Kaskazini, Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 tu ya polisi. Kuanzia 2001 hadi 2011 wakaajiri nusu Wakatoliki na nusu wengine, sehemu yao ikapanda hadi karibu asilimia 30. Ninyi mlipojipanga mbele ya ofisi ya kata niliwatazama mmoja mmoja, sikuona hata mtoto mmoja wa mfugaji. Mnasema hawaji. Nani aliwaita?

Mengine ni mafupi. RB, ile namba ya taarifa unayopewa kituoni, ni bure. Dhamana ni bure. Jina la aliyetoa taarifa lisitajwe kilabuni. Aliyekunywa komoni asiende doria. Siku ya mnada virungu vibaki nyumbani.

Najua hamlipwi, wanangu. Mnakesha na mbu wa majaruba, tochi mnanunua wenyewe, na mke anauliza asubuhi umeleta nini. Kata inayowatumia bila kuwapa hata buti inawafundisha kujilipa. Nitalisema hilo mbele ya diwani, lakini mkanda ule mlifunga ninyi.

Mkutano wa hadhara ujao nitasimama kuuliza fedha za faini ziko wapi. Mtendaji aje na kitabu cha risiti. Yule kijana aitwe pamoja na baba yake, aeleze kwa Kisukuma kama Kiswahili kinamsumbua. Mkalimani nitamtafuta mimi.